Mume Wangu Hakuiba

Ukiuliza hapa Usevya habari za Ubaldo, utaambiwa mambo mawili: kwamba hakuna aliyemshinda kurina asali, na kwamba alimwibia ndugu yake wa tumbo moja. La kwanza ni kweli. La pili ni uongo, na wengi wanaolisema wanajua ni uongo. Mimi Kasilda, mke wake, nimewaambia hivyo usoni mara nyingi mpaka wananiita mwanamke wa maneno. Na waniite.

Alipokuja kunichumbia alikuwa kijana mrefu, mikono imejaa makovu ya moto wa vienge vya kufukizia nyuki. Nyuki aliwaita mashemeji, akisema wanauma kama kaka zangu. Kila mwaka mvua zilipokatika alikwenda porini na wenzake, wakapiga kambi huko mpaka vibuyu vikajaa. Mizinga yake ilitapakaa kutoka bonde la Kavuu hadi mbali sana, na yote aliijua: huu uko juu ya mti gani, nyuki waliingia mwaka gani, wakali au wapole. Wenzake walipopoteza mizinga yao wenyewe walimwuliza yeye. Kuandika hakujua, wala hakuwahi kuhitaji.

Reli ilikuwa imefika Mpanda miaka michache tu moyo wake ulipoanza kumsumbua. Tulikuwa tunatoka shambani, hana mzigo wowote, akakaa chini katikati ya njia. Akaniambia, "Mama Theopista, weka mkono hapa." Nikauweka kifuani. Moyo ulipiga, ukanyamaza, ukapiga mara mbili kwa pupa, ukanyamaza tena, kama kuku aliyefungwa miguu anayejaribu kuruka. Nilingoja utulie na haukutulia. Tulifika nyumbani jua limekwisha kuzama.

Kusahau kulikuja nyuma yake. Alianza kumwita binti yetu Theopista kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Aliongoza Salamu Maria akakwama katikati, watoto wakamtazama. Alikuwa akianza habari vizuri, halafu ananyamaza, anaangalia mikono yake. Siku moja nilimwuliza kuna nini. Akasema, "Ni kama mtu amenifukizia moshi kichwani. Vitu vipo, ila sivioni."

Watu wakasema malale. Ni rahisi kusema hivyo huku kwetu, maana pori letu lina mbung'o na anayeshinda porini huumwa. Lakini mwenye malale husinzia mchana kutwa, na mume wangu usingizi ulikuwa umemkimbia, moyo haumpi nafasi. Nililisema hilo kwa kila mtu. Wakanijibu mke hawezi kuujua ugonjwa wa mumewe. Sijui basi nani angeujua, hao waliomwona kanisani Jumapili kwa Jumapili?

Akaja dresa wa malale, yule msaidizi wa daktari anayezunguka vijijini, akampapasa shingo, akasema apelekwe Mpanda. Tulipanda lori la mahindi. Kwenye kituo cha mbung'o walituteremsha wote, wakatuzunguka na nyavu zao wakitafuta inzi kwenye nguo zetu, na abiria wenzetu wakasogea mbali na Ubaldo. Mpanda walimkunja kama mtoto aliye tumboni, wanaume wawili wakamshika, wakamchoma sindano mgongoni kuchukua maji. Alilia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia, hata nyuki walipomvimbisha macho yote mawili.

Malale hawakuyaona. Daktari akaweka mpira wake kifuani, akashika kifundo cha mkono kwa muda mrefu, akasema neno na mkalimani akalitafsiri: moyo huu haupigi kwa mpangilio. Wakampa vidonge. Nikauliza, na kusahau je? Mkalimani hata hakumgeukia daktari. Alinijibu mwenyewe, "Mama, hayo ni mambo ya uzee." Ubaldo hakuwa na mvi hata moja. Niliuliza tena, na yeye akamwita mgonjwa mwingine. Hasira ya siku ile ningali nayo.

Mpaka leo hakuna aliyenijibu. Lakini mimi niliyelala naye kitanda kimoja niliona mwenyewe. Moyo ulipotulia siku mbili tatu, aliongea kama zamani, akatania, akakumbuka mpaka deni la chumvi la jirani. Ulipoanza kutapatapa, moshi nao ulirudi. Vidonge vilipunguza kidogo tu. Tuliporudi Usevya na habari kwamba hana malale, watu walitikisa vichwa, na mama mmoja akasimama mlangoni kwangu akaniambia mficha maradhi kilio humuumbua. Nilimfungia mlango.

Sasa niwaambie habari za Selestini. Ni mdogo wake Ubaldo, tumbo moja. Mtu mpole wa maneno, hajawahi kupandisha sauti. Mwaka ambao tembo waliula mpunga wake wote, Ubaldo alimwonea huruma akampa mzinga mmoja, ule wa kwenye mninga bondeni, mkubwa kuliko yote. Alimpeleka hadi chini ya mti mbele ya mashahidi, akagonga shina kwa kisigino cha shoka, akasema, "Kuanzia leo ni wako." Kwetu hivyo inatosha. Alama ya Ubaldo, aliyoichonga mzinga ungali mtupu ijulikane ni wake, ilibaki palepale, kwa sababu mzinga wenye nyuki hauchongwi, ukiuchonga wanahama. Alama hungoja mpaka siku mzinga utakaposhushwa. Kila mrina asali anajua kwamba alama peke yake haisemi yote, na mengine mtu huyaweka kichwani.

Msimu uliofuata Ubaldo alikwenda porini akarudi na asali nyeupe, nzuri, anacheka. Nikamwuliza ameirina wapi. Akasema, kwenye ule mninga wa bondeni.

Nikamwambia, "Baba Theopista, ule ulimpa Selestini."

"Mimi? Lini?"

"Mwaka wa tembo. Ulimpeleka wewe mwenyewe."

Alinitazama kama mtu anayetukanwa nyumbani kwake. "Alama ni yangu. Nimeishika kwa mkono huu. Wewe na Selestini mna mpango gani?" Miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuniambia neno la namna hiyo. Jioni moyo wake ulipotulia kidogo, kumbukumbu ikarudi yenyewe, akajishika kichwa. Tukapanga kesho yake tuirudishe asali, tumwombe radhi ndugu yetu, yaishe kifamilia.

Lakini Selestini alikuwa ameshaukuta mzinga mtupu. Nyumba yake na yetu zinatazamana, unaweza kuomba moto bila kuvaa viatu. Hakuvuka ua. Alikwenda moja kwa moja kwa jumbe Anselmo, mkuu wetu wa kijiji.

Ni lazima ujue kwetu kumwibia mtu asali ni jambo gani. Kuku akiibwa watu hugomba yakaisha. Mzinga uko peke yake porini, haulindwi na mtu, unalindwa na uaminifu tu. Anayefungua wa mwenzake amewavunjia wote usalama. Kwa hiyo baraza lilijaa siku ile. Hata wanawake walioacha kunisalimia walikuja.

Selestini alisimama, sauti ya chini kama kawaida yake. "Mimi simdai kaka yangu. Kaka ni mgonjwa, nyie wote mnaona. Hakuiba, amesahau. Naomba tu baraza litamke kwamba kumbukumbu zake zimekwisha, na mizinga yake niishike mimi mpaka Mungu atakapomponya. Ni ndugu yangu, nitamwacha na nani?"

Watu wakanung'unika kwa kuridhika. Maneno matamu, nani atayakataa? Mimi nilisikia kilichokuwa chini yake. Baraza likishatamka mtu hana akili, hakuna kambi itakayomchukua porini, na mizinga ikishashikwa na mwingine hairudi. Theopista alikuwa ameposwa na Leodgar. Neno la baba yake kwenye mahari lisingesikilizwa tena, angesikilizwa Selestini. Ubaldo angekaa uani kwake akiulizwa kama ameshakula. Angefukiwa akiwa anapumua.

Jumbe akamgeukia. "Ubaldo, umesikia. Ulisahau, au ulijua?"

Ubaldo alisimama wima. Siku ile moshi haukuwepo, nilimwona machoni. "Nilijua," akasema. "Nimeiba."

Jumbe akainama mbele. "Sema vizuri, mzee mwenzangu. Hakuna anayekulazimisha. Umesahau?"

"Sijasahau. Nilimpa mwaka wa tembo, mashahidi walikuwepo, na wewe ulikuwepo, Anselmo, umevaa koti la marehemu baba yako. Mzinga ulikuwa mzito, nikautamani. Nitozeni."

Jumbe alinitazama mimi. "Mama Theopista, ni hivyo?" Ubaldo hakugeuka kunitazama. Shingo yake ilikuwa imekaza. Nilisema, "Mwenye mdomo ameshasema."

Wakamtoza asali yote na mbuzi jike, na msimu ule wakamzuia kambini. Mizinga ikabaki yake. Selestini alipokea mbuzi wake kwa uso wa mtu aliyealikwa harusini akakuta chakula kimekwisha.

Njiani nilimgombeza vibaya sana. Nikamwuliza watoto wetu wataficha wapi nyuso zao. Akaniacha nimalize, akasema, "Mwizi ana akili zake, Mama Theopista. Binti wa mwizi ataolewa. Binti wa kichaa utamwozesha kwa nani?"

Mambo yalikwenda kama alivyokusudia. Mwaka uleule alimwozesha Theopista, neno lake likasikilizwa. Akamchukua Leodgar pamoja na jumbe na mashahidi, wakazunguka porini, mti mmoja baada ya mwingine, akigonga mashina kwa kisigino cha shoka mpaka mizinga yote ikawa ya mkwewe. Katikati ya safari aliketi mara nyingi kupumzisha moyo. Selestini hakuweza kusema kitu, kwa sababu aliyekuwa akigawa ni mwizi, hakuwa mwendawazimu.

Kama yangeishia hapo ningekuwa mwanamke mwenye furaha.

Masika yaliyofuata moyo ulizidi. Siku moja tukipalilia mpunga akaniuliza, taratibu kabisa, "Kwa nini nilimwibia Selestini?"

Nilicheka, nikadhani ananitania. Alikuwa hatanii. Nikamweleza yote: hukuiba, ulisahau, ulisema vile ili kuiokoa mizinga. Alinisikiliza, akashusha pumzi, akanishukuru. Kesho yake akaniuliza tena. Alikuwa ameyasahau mambo yote ya siku ile isipokuwa sauti yake mwenyewe ikisema nimeiba. Ugonjwa ulimwachia lile neno moja tu kati ya yote aliyowahi kusema, na ningeupata ana kwa ana ugonjwa huo ningeutwanga kwenye kinu.

Alikonda kwa aibu. Alikataa kupokea komunyo. Nikitoka nikirudi, namkuta anafikiri uovu wake. Halafu siku moja nilirudi kutoka mtoni nikaambiwa amevuka ua, amepiga magoti kwa Selestini, ameomba msamaha. Na Selestini, aliyejua ukweli, aliyeusema kwa kinywa chake barazani, akamwekea mkono kichwani akasema, "Nimekusamehe, kaka."

Nilimfuata nyumbani kwake na mtungi wangu kichwani. Nikamwambia, "Mwambie hakuiba. Neno moja. Wewe atakuamini."

Akanitazama kwa upole wake ule. "Shemeji, si yeye mwenyewe aliyekiri? Mimi ni nani wa kumbishia?"

Nilimmwagia maji ya mtungi wote. Hilo nalo Usevya wanalisimulia.

Ubaldo alianguka kabla ya mavuno. Upande mmoja wa mwili ukafa, mdomo ukaenda kombo, maneno yakapotea karibu yote. Lile moja halikupotea. Padri alipokuja kumpaka mafuta nilisimama mlangoni nikamwambia, "Padri, atakuambia ameiba. Usimsamehe hilo, hakulifanya." Padri alinishika bega, akasema ungamo ni la mtu na Mungu wake, akanitoa nje. Nilikaa ukutani nikamsikia mume wangu akilivuta lile neno kwa nusu ya ulimi. Tukamzika Jumamosi.

Kaburini, baada ya sala, Selestini aliomba kusema. Akavua kofia. Akasema yeye kama ndugu hana kinyongo, habari ya asali ameshaiachilia, marehemu alale pema. Watu wakaitikia. Leodgar alikuwa pale, mizinga yote mikononi mwake kwa haki, na Theopista alikuwa amenishika mkono ili ninyamaze.

Nikautoa mkono wangu. Nikasema mbele ya jumbe na padri na wote, kwa sauti ambayo hakuna aliyeweza kudai hakuisikia: "Hakuiba. Alisahau. Kichwa kilimpotea tangu kabla ya siku ile, na nyie mlijua." Ndilo neno ambalo alitoa mbuzi na jina lake jema ili lisisemwe, maana asiye na akili hagawi mizinga. Nililisema juu ya kaburi lake, na sijui mpaka leo kama nimemtetea au nimemsaliti.