Mama Zuhura Ameweka Mikono Kichwani

Leo nimelia msiba ambao haupo.

Niko dukani kwangu Kariakoo, nakunja vitenge. Nainua macho, namwona Mama Zuhura, jirani yangu wa duka la ng'ambo ya barabara, kasimama mlangoni kwake. Mikono yote miwili kichwani. Macho kayafumba.

Sasa sisi tuliolelewa Magomeni, ukiweka mikono kichwani ovyo unachapwa. "Unamwita nani afe?"

Kwa hiyo ubongo wangu haukuuliza swali. Machozi yalitoka kabla sijawaza neno lolote.

Nikavuka barabara bila kuangalia mikokoteni. Ndala moja ilibaki njiani. Dada anayeuza vyombo akaniona, na yeye mikono kichwani, akanifuata. Nyuma yake wengine wawili.

Tukamkumbatia. "Pole, Mama Zuhura. Kazi ya Mungu haina makosa."

Akafumbua macho. "Jamani, msinitikise! Nimeshikilia wigi, gundi haijakauka."

Tukamwachia.

Kisha akatutazama vizuri. Wanawake wanne wazima, tunatokwa machozi. Na yeye akaanza kulia.

"Nani kafa? Mnanificha nini?"

Dakika kumi tunamwapia kwamba hajafa mtu. Haamini. Wigi limekaukia upande.

Mnaocheka, semeni nyie mngefanyaje.

Nimerudi dukani, najua kabisa lile ni wigi. Lakini vitenge havikunjiki. Nikampigia mama yangu Magomeni.

"Shikamoo mama. Nakusalimia tu."

"Marahaba. Mbona unalia?"