Kichwa cha Pakacha

Mamangu alikuwa na desturi ya kumtuma mtoto maneno matatu kwa pumzi moja.

"Nenda kwa shangazi yako, mwambie wageni hawaji leo, mjomba wao kalazwa. Asipike. Na lile sufuria kubwa alirudishe."

Kisha akaendelea kuchambua mchicha wake, kama mtu aliyemaliza kazi. Alipaswa kunijua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuwa nimewahi kufikisha maneno matatu popote. Tulikaa Shika Adabu, Likoni, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Jina la mtaa lenyewe lilikuwa amri, na hata hiyo ilinitoka.

Wageni hao walikuwa watu wa Changamwe waliokuwa waje kumposa dadangu. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyepewa kazi ya kupika, kwa sababu mkono wake ulisifiwa na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuusifu.

Maneno ya mama niliyashika vizuri mpaka kwenye kona ya msikiti. Hapo palikuwa na mwanamume akijaribu kumpakia mbuzi kwenye baiskeli. Mbuzi hakutaka. Mwanamume akambembeleza, akamtukana, akamwomba kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nilisimama nikatazama mpaka wote wawili wakaondoka kwa miguu, mbuzi mbele. Nilipoanza tena kutembea nilikuwa nimebaki na "wageni", "leo" na "sufuria kubwa".

"Mama asemaje?" shangazi aliniuliza, vitunguu vikiwa tayari mbele yake.

"Wageni, leo, sufuria kubwa."

Akafikiri. "Kumbe wameongezeka," akasema. Nikaona ana akili sana.

Baada ya alasiri shangazi akatokea kwetu na wanawake wa mtaani kwake, wamebeba sufuria la biriani, wakipiga vigelegele. Mama alikuwa uani na kanga kuukuu, nywele zimesukwa upande mmoja.

"Mwaenda wapi na hilo?" akauliza.

"Kwako. Wageni wako wapi?"

Mama akageuka kunitafuta. Aliita jina langu, nami nikaitika abee kutoka nyuma ya choo, mahali nilipoona panafaa. Tayari alikuwa amevua ndara.

Nyanya, mamake mama, alikuwa ameketi mkekani akitafuna tambuu. Alimshika bintiye mkono. "Muache. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi."

"Nafuu gani, mama? Mchele wote ule, nyama yote ile."

"Mgonjwa yuko hospitali, jamaa zake wako naye, na chakula kipo. Mwangoja nini, barua?"

Basi jirani mwenye pikapu akaombwa. Sufuria likafungwa kwa leso, tukavuka feri nalo kwenda hospitali ya Port Reitz, na harufu ikaenea mpaka watu wakawa wanatuuliza harusi iko wapi. Shangazi aliwajibu kwa fahari kwamba ni ya hospitalini, jambo lililowanyamazisha.

Mjomba mwenyewe alikuwa amepasuliwa ngiri asubuhi ile na amekatazwa kula. Alilala akitutazama tukipakua. Jamaa zake walikuwa wameshinda pale na chai ya rangi tu, na mama wa kijana mposaji alipoona sufuria akatokwa na machozi.

"Sisi tumevunja ahadi, nanyi mwatuletea chakula?"

Mama alinitupia jicho, kisha akasema kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia tena: "Ugonjwa si ahadi, dadangu. Tukasema tusiwaache na njaa."

Nyanya akakohoa. Posa ikakubaliwa papo hapo, kando ya kitanda, mjomba akiitikia kwa kutikisa kichwa maana kusema kulimuumiza mshono.

Muuguzi alikuja kutufukuza, akaondoka na sahani. Baadaye akaja daktari, kijana mwembamba mtu wa bara, kuuliza kwa nini wodi yanuka sherehe. Naye akapewa sahani. Shangazi, ambaye hakuona sababu ya kusubiri tufike nyumbani, akamvuta kando, mbali na masikio ya wakwe, akamsimulia mkasa wote, mbuzi na yote. Daktari akacheka sana. Kisha akaacha kucheka, akaniita.

"Sema tatu, nane, moja."

"Tatu, nane, moja."

"Sasa yaseme kwa kuanzia nyuma."

"Moja," nikasema. Mjusi akapita ukutani. "Moja," nikarudia, na hapakuwa na kingine.

"Shuleni vipi?"

"Mwalimu asema hupotea," mama akajibu. "Macho yako wazi, mwenyewe hayupo. Lakini hapigi kelele wala hasumbui watu. Shangazi yake asema ni jini."

"Na kuhifadhi?"

"Juzuu Amma yote ya Kurani anayo. Pale hakosei herufi."

Daktari akatikisa kichwa taratibu. Akasema mtu ana akili ya kuweka, mfano wa kabati, na ana akili ya kushika, mfano wa kiganja: lile neno uliloambiwa sasa hivi, unatembea nalo mpaka ulifikishe. "Kabati lake zima. Kiganja ndicho kidogo. Wako watoto wengi hivyo, wavulana kwa wasichana. Kwenu yuko mwingine?"

"Hakuna," mama akasema.

"Wewe ulitumwa chumvi ukarudi na paka," nyanya akamwambia, akaendelea kula.

Kwa sababu ya kule kupotea, daktari alitaka kuhakikisha kwamba sina kifafa. Akatuandikia twende hospitali kubwa nikapimwe umeme wa ubongo. Nyanya alilikataa jambo hilo kabisa. "Nyumba yetu haina umeme. Huyu kichwani ameutoa wapi?" Lakini siku ya kwenda alikuwa wa kwanza kuvaa buibui.

Walinigandisha nyaya kichwani kwa gundi baridi, wakaniambia nifumbe macho nisiwaze chochote. Ndiyo amri pekee maishani mwangu niliyoitii bila shida. Mashine ikachora mistari kwenye karatasi ndefu, kama mawimbi yenye haraka. Mama aliitazama kwa makini sana huku ameishika juu chini.

Tulirudi kwa yule daktari na majibu. "Kifafa hana," akasema. "Jini sijui, mashine haipimi majini. Lakini mtumeni neno moja moja. Alirudie mbele yenu kabla hajaondoka. Na likiwezekana mlitie wimbo, maana nyimbo zamkaa."

"Tumevuka bahari kuja kuambiwa tumwimbie?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Shangazi hakuridhika. Aliniletea kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi, nikanywa. Lilikuwa tamu, na nikaomba jingine. Ila mama, aliyedai kwamba daktari ni mtoto mdogo asiyejua lolote, wiki ile ile nilimsikia mlangoni akiniimbia "chumvi, chumvi, chumvi ya mawe" kwa mahadhi ya maulidi. Nilirudi na chumvi. Alinitazama kana kwamba nimefufuka.

Dada aliolewa, na wakweze wakaendelea kuisifu familia yetu kwa ukarimu. Hakuna aliyewasahihisha. Mimi shuleni nilipita kwa kukwaruza. Hesabu za kichwa zilinishinda hadi siku ya mwisho, na mwalimu mmoja alinichapa kwa kusahau kwa nini alikuwa amenichapa jana yake. Bado naona hakuwa na haki, maana yeye pia hakukumbuka vizuri.

Miaka ya tisini nikapata kazi Changamwe, kwenye lango la ghala, kupanga malori yanayoingia na yanayotoka. Honi zinalia, madereva wanagombana, mmoja amelala barabarani chini ya gari lake, mwingine anataka kupita juu yake. Wenzangu wengi walishindwa na kelele ile wakaomba kuhamishwa. Mimi, hapo ndipo kichwa changu kilipotulia. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho, kikitaka kushughulikiwa sasa hivi, na hapakuwa na neno la kumpelekea mtu yeyote.