Thamani Waliyoipa Nyumba Yetu

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya mwisho wa baridi, miaka ya tisini, nilipotoa barua kwenye sanduku letu kando ya barabara ya changarawe, nikaifungua palepale na glavu zangu mkononi. Ilikuwa taarifa ya kaunti, yaani serikali ya wilaya, inayotoza wenye nyumba kodi ya majengo. Ilisema nyumba yetu imepanda thamani karibu nusu zaidi ya mwaka uliotangulia.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi, baada ya ibada, wewe kijana wa usharika wetu ulinionyesha picha ya karatasi kama ile kwenye simu yako. Nikakuuliza utafanya nini, ukanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yenu, kwamba hakuna la kufanya, serikali imeshaamua. Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wengi. Sasa kaa nikwambie. Mume wangu nimemwomba ruhusa kwanza, maana mengine yanamhusu yeye.

Mimi na Gabrieli tulikuja huku ng'ambo tukiwa wanafunzi kutoka Tanzania. Tulipomaliza masomo tukapata kazi, yeye kiwandani Fridley akichora mitambo, mimi unesi hospitalini Coon Rapids. Tulikaa kwenye fleti hadi Upendo alipozaliwa, ndipo Gabrieli akaanza kuota shamba. Tukanunua nyumba kuukuu yenye ekari chache katika kaunti ya wakulima, kaskazini zaidi, ambako jirani unaona taa yake tu. Upande wa mbele palikuwa pazuri. Upande wa nyuma palikuwa kinamasi, na kila theluji ilipoyeyuka, maji yaliingia kwenye chumba cha chini ya nyumba. Zulia aliloliacha mwenye nyumba wa kwanza lilioza, mbao za ukutani zikavimba, pampu ikawa inanguruma mchana kutwa. Habari ya maji hatukumwambia mtu. Gabrieli alikuwa ameshatuma picha nyumbani, zote za upande wa mbele.

Basi fikiria barua ile ilitukuta katika hali gani. Mkopo wa benki tulikuwa tunaulipa kwa kujibana. Tuliijua familia moja iliyoshindwa kulipa kodi ya majengo ikarudi kupanga. Kazini siku hiyo nilimuuliza mgonjwa jina lake, halafu nikamuuliza tena, mpaka akataka kujua kama mimi ndiye ninayeumwa.

Jioni Gabrieli aliisoma, akaikunja taratibu.

"Tutalipa," alisema.

"Tutalipa na nini, Baba Upendo?"

"Maombi yetu ya uraia bado yako mezani kwa watu wa serikali. Ukianza kubishana nao, watalifungua faili lako lote."

Sikumlaumu. Tulikotoka sisi, karatasi yenye muhuri haijibiwi, inatiiwa. Nami niliogopa vilevile. Lakini niliisoma tena kwa utulivu, nikaona mambo ambayo woga ulikuwa umenificha. Haikuwa bili. Yalikuwa makadirio ya kaunti kuhusu bei ambayo nyumba yetu ingeuzwa, na bili ya mwaka unaofuata ndiyo ingekokotolewa kutokana nayo. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na siku ya kikao cha kusikiliza malalamiko, pamoja na namba ya ofisi ya mthamini, yule anayekadiria bei hizo.

Nilipiga simu wakati wa mapumziko. Mama aliyepokea hakunikemea. Aliniambia nina haki ya kwenda kuona walichoandika kuhusu nyumba yangu, nikaenda baada ya zamu. Waliandika kwamba kile chumba cha chini ni chumba kamili cha kuishi, chenye zulia. Ardhi yote waliiandika kavu. Na pembeni palikuwa na maelezo kwamba mthamini alifika mwaka uliopita, mwenye nyumba akamkatalia kuingia.

Nilipomuuliza Gabrieli, alikiri. Alimpokea mthamini mlangoni, akamwambia nyumba haina tatizo lolote, akamuaga. Asingeweza kumteremsha mgeni kwenye maji yale.

"Na sasa unataka nimwite mwenyewe nimwonyeshe?" alisema. "Akiingia ataona madirisha mapya tuliyoyaweka, ataongeza tena."

Hapo ndipo mama yake alipoingia jikoni. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Iringa, na tangu afike Gabrieli alikuwa anaufunga mlango wa ngazi za chini kwa ufunguo, akimwambia ameweka dawa ya panya huko. Mama alivuta kiti, akakaa. Hakupandisha sauti.

"Gabrieli, ile mashine inayonguruma chini ya miguu yangu ni ya panya?"

Gabrieli aliutazama mlango wa ngazi.

"Mimi nimelea watoto kwenye nyumba inayovuja, na wewe ni mmoja wao. Nani aliyekwambia nimepanda ndege kuja kukagua nyumba? Mtu mzima unataka kulipia zulia lililooza, ili mimi nisilione?"

Gabrieli aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani. Macho yake yalikuwa yamelowa. Kesho yake alipiga simu mwenyewe.

Mthamini alikuja amevaa buti za mpira. Alishuka chini, akamulika ukuta kwa tochi, akaugusa mstari ulioachwa na maji. Kisha akatembea hadi nyuma, buti zikazama. Aliuliza pia habari za madirisha, na Gabrieli akamwambia ukweli. Wakati wa kuondoka alisema atarekebisha alichokiona, ila bei kwa jumla hawezi kutuahidi, na kama haturidhiki twende kikaoni na picha. Halafu akaongeza neno lililotukosesha usingizi: kikao kinaweza kushusha thamani, kinaweza kuiacha, na kinaweza kuipandisha.

Tulikwenda. Ukumbi wa kitongoji ulinuka kahawa na viatu vilivyolowa. Nilidhani tutakuwa peke yetu, kumbe wakulima walijaa, na kila mmoja alisimama kuisema vibaya nyumba yake, huyu paa, yule kisima chenye maji ya kutu. Mama mkwe alikaa karibu nami, amevaa kanga juu ya koti nililomwazima, Upendo mapajani mwake.

Gabrieli alipoitwa alianza kulalamika kwamba kodi inawaumiza wafanyakazi. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani, akainua mkono.

"Kodi hatuijadili hapa, bwana. Tunajadili nyumba ina thamani gani. Tueleze nyumba yako."

Nilifikiri mume wangu atarudi kukaa. Alimtazama mama yake. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Nyumba yangu inaingiza maji," Gabrieli alisema. "Kila mwaka. Nilikuwa naficha."

Akaziweka picha mezani, moja moja. Akasoma bei za nyumba za kando ya kinamasi kilekile zilizokuwa zimeuzwa karibuni, ambazo niliziomba ofisini. Hawakumcheka. Mwenyekiti alizipitisha picha kwa wenzake, akashukuru, akaita mwingine.

Kungoja ndiko kulikotuchosha. Kila nikisikia gari la posta, nilikimbilia sandukuni. Jibu lilipokuja, chumba cha chini kilikuwa kimeondolewa kwenye hesabu, na ardhi ya nyuma imeandikwa kinamasi. Thamani ilishuka, ingawa haikufika ilipokuwa mwanzo, kwa sababu nyumba zilikuwa zinapanda kila mahali, na madirisha nayo yalihesabiwa. Kodi iliongezeka kiasi. Nikachukua zamu za Jumamosi, tukaimudu. Faili letu hakulifungua mtu, na uraia tuliupata. Mama alikuwa ameshaondoka. Gabrieli alimpigia kwa kadi ya simu, dakika zote zikaishia kwenye habari za kinamasi.

Kwa hiyo mwanangu, karatasi yako usiitupe. Isome leo, maana siku ya kulalamika hupita upesi, na ikishapita ni vigumu kusikilizwa. Nenda ukaone wameandika nini kuhusu nyumba yako, na kama wamekosea, mwite mthamini aingie, hata kama kuna chumba unachokionea haya. Kikaoni usigombane juu ya kodi, sema thamani, na uende na picha na bei za nyumba zinazofanana na yako. Ujue pia kwamba unaweza kushindwa. Utaogopa, nami niliogopa mpaka mwisho, lakini nenda hivyohivyo, wala usiende peke yako. Nikiwa mzima nitakaa nawe kwenye benchi.

Mungu ailinde nyumba yako na wote wanaolala ndani yake. Akupe kauli ya kusema lililo kweli mbele ya wakubwa, na akuzungushie watu ambao huna haja ya kuwaficha kitu. Amina.