Maneno ya Kibao cha Dobi

Kaka yangu ni dobi, na hajawahi kuandika namba kwenye nguo ya mtu. Miaka ishirini na mbili anafua na kupiga pasi, na ukija kuchukua shati lako hakuulizi jina. Ananyoosha mkono kwenye rundo, anakupa. Hata soksi anazijua. Kwa hiyo mchoraji wa vibao alipotaka kaulimbiu ya kuweka chini ya neno "Dobi", mimi sikuumiza kichwa: "Hatuandiki namba, tunakujua." Nani angeshindana na hayo?

Wifi yangu alishindana. Yeye alitaka "Usafi Kwanza". Jamani, usafi kwanza! Hata choo cha sokoni kimeandikwa hivyo. Nilimwambia biashara ina wenyewe, na kwamba kaka yangu nilimjua kabla yake. Tukavutana mpaka akanishika mkono, akanipeleka uani, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa.

"Wifi, usimwandikie ahadi hiyo," alisema. "Anasahau. Juzi kampa mwalimu suruali ya mtu mwingine. Jana kashika gauni langu mimi, ananiuliza ni la mteja gani."

Akaniapisha nisimwambie mume wake kitu, maana kichwa chake ndicho anachojivunia, na akijua tumemgundua atajiona amekwisha.

Niliingia ndani nikijichekesha. Kaka alikuwa anapiga pasi kola moja, taratibu mno. Nikamwambia nimebadili mawazo, kumbe maneno ya wifi ni mazuri. Hakuniuliza kwa nini. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu tangu utotoni kaka hajawahi kuniona nimeshindwa akakosa kunitania.

Aliweka pasi pembeni.

"Mwambie wifi yako tuanze kuandika namba," alisema. "Sema ni wazo lako. Akijua nimeshajiona nilivyo, hatapata usingizi."

Nilirudi uani nikamwambia wifi eti nimeona madobi wengine wanatumia namba siku hizi, na sisi tuanze leo. Macho yakamjaa machozi. Alikubali upesi, akanishukuru kwa akili yangu, kisha akaniomba tena kaka asije akajua chochote. Nikamwahidi.