Mwanamke Nyuma ya Ngoma

Sabine wa Makobola hawezi kuanika ndagala kwa mkono wa kulia. Anajitahidi, maskini, lakini samaki wanaanguka mafungu mafungu. Akiwa peke yake ufukoni huhamia mkono wa kushoto, na hapo ndagala hutandazika mchangani vizuri ajabu. Wakitokea watu, anarudi kulia. Mama mkwe wake alimkataza tangu alipoolewa: chakula cha watu hakirushwi kwa kushoto.

Mkono huo ndio urithi pekee aliokuwa nao. Mama yake alifariki akimzaa, wala hakuacha picha. Mama mdogo Blandine alimwambia mambo mawili tu: kwamba ufukoni pote ni marehemu tu aliyeanika kwa kushoto, na kwamba wanamuziki wa orkestra Nguvu waliwahi kumpiga picha hapo hapo, ikawekwa kwenye jalada la santuri yao. Santuri hiyo Sabine ameiulizia mpaka watu wamemchoka.

Mwezi uliopita alipeleka ndagala Uvira kwa Déborah, mteja wake. Mume wa Déborah, Thierry, hukusanya santuri za zamani za magitaa ya umeme, huchapa upya majalada yake kwa ukubwa wa mlango, na huwauzia wapenda sanaa. Siku hiyo yalikuwa yametundikwa sebuleni. Sabine akainua macho, beseni likiwa bado kichwani.

Vijana wanne wenye nywele nyingi na suruali pana, magitaa mikononi. Nyuma ya ngoma yao, mwanamke ameinama, mkono wa kushoto hewani, ndagala wanamtoka vidoleni. Kwenye jalada lenyewe uso ule ulikuwa mdogo kama punje ya mchele. Hapa ulikuwa uso mzima wa mtu.

"Papa Thierry, hii picha haikugeuzwa? Ile mukono iko ya kushoto kweli?"

"Haikugeuzwa, Mama. Soma kwa ngoma."

Akasoma: NGUVU. Herufi zilikaa sawasawa.

Sabine alishusha beseni, akapiga magoti. Mama yake alikuwa msichana, mdogo kuliko mabinti wa Sabine mwenyewe, na alikuwa anacheka.

"Mama, ni minye," akaiambia picha polepole. "Ni minye Sabine."

Thierry aliitungua picha, akaikunja, akampa.

Kesho yake, watu wamejaa ufukoni na mama mkwe amekaa kwenye kigoda chake, Sabine alichota ndagala kwa mkono wa kushoto, akawarusha. Mama mkwe akamwita kwa jina. Sabine akachota tena.