Meli ya Kitambaa

Vijana huniuliza, Iringa ya miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, watu walikuwa wanastarehe na nini. Nawaambia: upuuzi mtupu. Kulikuwa na mtaa mmoja nyuma ya soko, siutaji, maana wajukuu wa watu wale bado wapo na midomo wanayo. Mtaa ule kila mtu alikuwa fundi wa kitu kisicholika. Yupo aliyepiga gitaa la debe, nyuzi tatu, wimbo mmoja, na salamu hujibu kwa shida kwa sababu yeye ni mwanamuziki. Wapo wale wa ngoma ya beni, watu wazima na ndevu zao, wanapigiana saluti barabarani na nishani za vizibo vya soda kifuani. Hotelini kulikuwa na santuri yenye mikwaruzo. Watu waliagiza kikombe kimoja cha chai wakakaa nacho mpaka adhuhuri, wakitikisa vichwa hata pale sindano ilipokwama. Barazani wazee wenye asili ya pwani walibishania mizani ya shairi mpaka kahawa ikapoa, halafu wakaibishania kahawa. Mimi shule niliishia darasa la pili, mizani siijui, lakini kahawa iliyopoa naijua.

Nami nilikuwa nashona viatu mtaani humo humo, kwa hiyo msidhani najitoa.

Mpuuzi mkuu alikuwa mpiga picha. Alikuwa na chumba kimoja, kamera ya miguu mitatu, na ukutani kitambaa cha amerikani alichokichora mwenyewe: bahari, na juu yake meli kubwa inafuka moshi, na kando yake mashua ndogo ya tanga. Bahari hajaiona maishani mwake. Alitoka Chunya, ambako maji ya kunawa tu ni habari, na ile meli aliinakili kwenye kopo la biskuti. Bendera inapepea huku, moshi unaelekea kule. Nikamwambia. Akaniangalia kama mbuzi aliyeingia msikitini.

"Bwana fundi," akasema, "hii ni sanaa."

Sasa, wakati huo nilikuwa nimeposa kijijini Igowole. Kwetu jembe la posa lilipelekwa bila mpini. Baba wa binti akiliweka tu, bado anafikiri. Akilitia mpini, binti ni wako. Akilirudisha, shika njia. Langu lilikuwa limekaa kwake tangu mvua za kwanza, halina mpini, nami usingizi sina. Mjomba wangu, ndiye mshenga, akaniambia, "Mzee anasema mtu wa mjini hamjui sura. Mpelekee picha."

Nikaenda kwa yule mpuuzi. Akanivika koti lake, lililokwisha kuvaliwa na mji mzima, likabanwa kwa pini mgongoni. Akanipa sanduku nilishike.

"La nini?"

"La mkono wa kulia. Mkono mtupu unaonekana wa mtumishi."

Nikashika. Nasema ukweli, nilijiona mtu. Nilivimba pale mbele ya meli kama andazi. Watu wa mtaa ule niliwadharau kila siku, na siku hiyo nilikuwa mmoja wao.

Mjomba akachukua picha akaenda. Siku ya nne akarudi na jembe lile lile, bila mpini.

"Mjomba," akasema, "umemfanya nini mzee wa watu? Anasema nenda salama."

Kumbe mwanawe wa kwanza alichukuliwa keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita, akapandishwa meli Dar es Salaam kwenda Burma, hakurudi. Tangu hapo neno meli halitajwi nyumbani kwake. Alipoona picha yangu na sanduku mkononi, alisema mtoto wa pili hampi mtu wa meli.

"Hukumwambia ni kitambaa?"

"Nitamwambiaje? Mimi mwenyewe nilidhani ulikwenda Dar!"

Nikamtazama mjomba wangu, mtu aliyelala chumbani kwangu wiki nzima, akaniona kila asubuhi nagonga misumari ya viatu. Mungu alinipa ukoo.

Kwa mpiga picha nilitumia siku nzima ya matusi. Hataki kutoa kitambaa. Mwishowe nikamshonea soli mpya, akakikunja mwenyewe, akaniasa nisikiloweshe, kana kwamba bahari yake ingevuja. Nikapanda lori la chai, jembe mkononi, bahari kwapani.

Igowole nilimkuta mzee uani kwake anapukuchua mahindi.

"Kamwene, baba."

Alitazama miguu yangu kwanza. "Umerudi lini?"

"Sijaondoka, baba."

Nikafunua kitambaa, nikakitundika kwenye ukuta wa miti ya kihenge cha mahindi. Mzee akasimama polepole. Akatia kidole kwenye moshi, akanusa kidole. Akalikwaruza tanga la mashua ndogo pembeni, rangi ikambakia kwenye ukucha. Halafu akainua pindo, akaingia nyuma yake. Nikaona miguu yake tu. Ilikaa hapo muda mrefu, wala sikuthubutu kukohoa.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Mtu akisimama mbele ya hii, anakwenda wapi?"

"Haendi popote. Anarudi kushona viatu."

"Sandukuni kulikuwa na nini?"

"Tupu."

"Na koti?"

"La mwenye kitambaa."

"Kwa hiyo wewe ni mwongo."

"Ndiyo, baba."

"Tena mwongo wa ovyo. Unaazima koti, unaazima safari!" Akageukia mlangoni, akamwita mama wa binti aje aone mwanamume aliyekwenda ng'ambo akiwa Iringa sokoni. Mama akaja, akakitazama kitambaa, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka.

"Mwongo namweza," akasema. "Mwongo nitamwona hapa kila sikukuu, nimtukane. Yule aliyepanda meli nimtukanie wapi?"

Akanyoosha mkono, nikampa jembe. Akazunguka nyuma ya nyumba na panga, akakata mti, akauchonga mpini huku ananitukana kwa Kihehe, mengine sikuwahi hata kuyasikia kwa bibi yangu. Akaligonga jembe kwenye jiwe mpaka likakaa, akalijaribu ardhini mara mbili, akaliona halichezi.

"Kesho asubuhi," akasema, "unaanza na lile shamba la bondeni."