Ua la Mama wa Igawa

Jumamosi, wafumaji wa lesi wa Iringa na Mbeya walipokutana, mama mmoja wa Igawa alitandaza kitambaa cha altare chenye ua jipya la lesi. Wote walitaka kulijifunza, lakini kwa desturi yao ua halifundishwi mpaka mwalimu wake atajwe.

“Nani alikufundisha, mama?”

“Macho yangu.”

“Macho hayashiki sindano, dada,” bibi mmoja alimtania. Wakacheka.

Jirani yangu, mfumaji aliyenialika, alininong’oneza: mama huyo alifundishwa na wifi yake, na tangu wagombane miaka sita iliyopita hajamtaja.

Nami natunga mashairi, wala sijawahi kumtaja mwalimu wangu. Niliona haya.

Mama alinyoosha ukingo wa kitambaa kwa kidole gumba, polepole.

“Wifi yangu,” akasema. “Atupele.”